Jinsi ya kutembelea Timgad na kuiona ile sehemu ya Kikristo ambayo wengi wanaipita

Watu wengi wakifika Timgad, yale magofu ya mji wa Warumi huko Algeria, wanafanya mambo yaleyale. Wanasimama chini ya tao kubwa wanapiga picha, wanapanda thieta mpaka juu kabisa wanapiga nyingine ili mitaa yote ionekane imenyooka, alafu wanarudi zao Batna kula. Sio vibaya, ila ukienda hivyo unakuwa umeona mji wa wastaafu wa jeshi la Roma basi, ule mji wa Wakristo waliowasumbua makaisari na maaskofu wenzao kwa zaidi ya miaka mia hujauona hata kidogo, manake uko nje. Uko nje ya ule mraba maarufu, upande wa magharibi na kusini, na hakuna anayekusukuma uende huko. Kwaiyo huu mwongozo ni wa yule anayetaka kutoka nje ya mraba.

Kwanza kabla hujaenda kuna stori mbili lazima uwe nazo kichwani, bila hizo utaona mawe tu.

Ya kwanza ni fupi. Mwaka 100 hivi Kaisari Trajan aliagiza mji ujengwe kaskazini mwa milima ya Aurès, sehemu ambayo leo ni mkoa wa Batna, Algeria. Waliojenga ni wanajeshi wa Legio III Augusta, kikosi cha jeshi la Roma, chini ya kamanda wao Lucius Munatius Gallus, na wa kukaa humo ni wanajeshi waliomaliza utumishi. Jina rasmi lilikuwa Colonia Marciana Ulpia Traiana Thamugadi, na hiyo Thamugadi ya mwisho ndo jina la wenyeji, Waberber, waliokuwa hapo kabla ya mwanajeshi yeyote. Mji ulipangwa kama mraba, kila upande mita 355 hivi, mitaa inakatana kwa pembe mraba. Ila ndani ya vizazi vichache ukafurika ukamwagika nje ya kuta, watu wa milimani wakashuka, wakaoana na watoto wa wastaafu, wakachukua Kilatini, na ukifika karne ya 3 hapo ukisema Mrumi wa Timgad unamsema Mwafrika.

Ya pili ndo yenyewe. Mwaka 303 Kaisari Diocletian akatoa amri makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe. Kuna maaskofu walikataa wakafa, kuna waliotoa vitabu wakasalimika, na kuna wajanja waliotoa vitabu vingine kabisa wakasema ndo hivyo. Mateso yalipoisha watu wakaanza kuulizana, wewe ulifanya nini siku ile? Carthage walipomweka Caecilianus kuwa askofu, maaskofu wa Numidia, yaani huku kwenye nyanda za Timgad, wakasema mmoja wa waliomwekea mikono ni msaliti aliyetoa Maandiko, kwaiyo huyo sio askofu. Wakaweka wa kwao, Majorinus, alafu baada yake Donatus, na hapo ndo jina Wadonati lilipotoka. Mtaguso wa Arles mwaka 314 ukampa haki Caecilianus, Kaisari Konstantino naye akaja kusema hivyohivyo, Numidia ikakataa katakata. Kwao sakramenti iliyotoka kwenye mkono wa msaliti ni maji matupu, kwaiyo ukihamia kwao unabatizwa upya. Shika hiyo habari ya maji, tutaihitaji mbele.

Sasa safari. Anza mapema na viza ya Algeria, hiyo sio ya kuombea wiki ya mwisho. Ukishaingia nchini unaweza kuruka kutoka Algiers mpaka Batna, au ukashukia Constantine alafu barabara ya kilomita 120 hivi kwenda Batna. Kutoka Batna hadi Timgad ni kama kilomita 35 kuelekea mashariki. Teksi za kuchangia zipo, ila mimi ningekodi gari ya siku nzima, kwa sababu moja tu, utataka kusimama njiani. Lugha ni Kiarabu, Kishawi (hicho ndo Kiberber cha Aurès) na Kifaransa, Kiingereza usikitegemee sana, jifunze hata salamu. Na msimu uangalie vizuri, hapo ni juu, mita kama 1000 kutoka usawa wa bahari, majira ya baridi theluji inaweza kushuka na kiangazi hakuna kivuli hata cha dawa. Aprili na Mei au Oktoba ndo raha. Maji, kofia, na viatu visivyoteleza manake yale mawe ya barabara yamesuguliwa na magurudumu ya mikokoteni mpaka yana mifereji. Ramani pakua kabisa kwenye simu.

Njiani mwambie dereva asimame Tazoult. Hapo ni Lambaesis ya zamani, makao makuu ya hiyo Legio III Augusta, na lile jengo kubwa la mawe lililobaki limesimama lilikuwa katikati ya kambi yao. Dakika arobaini zinatosha. Unasimama kwa sababu hapa ndo walipotoka waliojenga Timgad, na pia kwa sababu huku kwenye nchi ya kambi Ukristo ulishaota mizizi mapema kuliko watu wanavyodhani: askofu wa hapa aliyeitwa Privatus alihukumiwa kwa uzushi kwenye kikao cha maaskofu 90, na hiyo ni kabla ya mwaka 250. Maaskofu tisini, kabla hata ya dola kuruhusu dini yenyewe!

Ukifika Timgad, makumbusho iache kwanza. Ina mozaiki nzuri sana ila zitakuwa na maana zaidi ukishajua zilitoka wapi. Ingia mraba kwa ule mtaa wa kaskazini, Cardo, unaokupeleka moja kwa moja uwanja wa mji. Njiani kuna maktaba, usiipite hivihivi, ni moja ya chache za dunia ya Warumi zinazotambulika bado, ilijengwa kwa sesterti (sarafu za Roma) 400,000 alizoacha raia mmoja aliyeitwa Julius Quintianus Flavius Rogatianus. Uwanjani tafuta vyoo vya umma vyenye mawe ya pomboo yaliyokuwa sehemu ya kuegemeza mikono, na tafuta lile jiwe la mchezo lenye maneno ya Kilatini yanayosema kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, hayo ndo maisha. Watu wanalipenda hilo jiwe na mimi sishangai, ni wastaafu wenye pensheni wanaongea. Thieta ya watu 3,500 iko karibu, panda, piga picha yako.

Alafu toka. Kweli, saa moja na nusu ndani ya mraba inatosha, usije ukamaliza miguu na jua lote humo ukakosa nguvu ya kwenda kule.

Toka kwa upande wa magharibi, unapita chini ya lile tao linaloitwa la Trajan, urefu kama mita 12, ingawa wataalamu wengi wanasema ni la karne moja hivi baada ya Trajan mwenyewe. Pembeni yake kuna soko la Sertius, tajiri wa mji, alilijenga na mkewe. Mbele yake, nje ya mraba, kuna Capitol, hekalu la Jupiter, Juno na Minerva, na nguzo mbili zilizosimamishwa tena zina mita 14 hivi. Simama hapa kidogo kwa sababu hapa kuna kitu vitabu vya haraka haraka vinakiruka. Hili hekalu lilikarabatiwa miaka ya 360, miaka hamsini hivi baada ya Konstantino kuongoka, na kutoka miaka hiyohiyo kuna jiwe lililoorodhesha madiwani wa Timgad pamoja na makuhani wa dini ya zamani. Yaani wakati Wakristo wa mji huu wanagombania nani ni msaliti, ofisi za kuhani bado zinajazwa na miungu inapigwa rangi upya. Ile picha kwamba Konstantino aliongoka na dunia nzima ikageuka siku moja, hapa inakufa.

Endelea magharibi. Nyumba zinapungua, nyasi zinaongezeka, watalii hawapo, na hapo unafika kwenye mkusanyiko mkubwa wa majengo ambao kwenye ramani nyingine unaitwa monasteri ya magharibi. Hili ndo linaloaminika kuwa kanisa kuu la Wadonati. Ukubwa wake ndo wa kwanza kukushtua, ukumbi una urefu wa zaidi ya mita 60, sio kanisa la kikundi kilichojificha, ni kanisa la watu waliokuwa wengi na wenye hela. Tembea kutoka mlangoni mpaka ile nusu duara ya mbele walikokaa askofu na mapadre wake, hesabu vitako vya nguzo kulia na kushoto, utaona ukumbi wa kati na vijia vya pembeni. Kisha tafuta chumba cha ubatizo.

Hapo kaa chini. Ni kisima cha pembe sita, kina ngazi za kushukia, na kimevikwa mozaiki, vipande vidogo vya rangi vimeviringishwa mpaka kwenye kingo za ngazi, kazi ya mkono wa fundi aliyelipwa vizuri. Mtu alishuka upande mmoja, akabatizwa, akapanda amevaa nyeupe. Na kumbuka ile habari ya maji: baadhi ya walioshuka hapa walishabatizwa tayari kwenye kanisa jingine, na kushuka kwao ilikuwa ni kusema hadharani kwamba ule wa kwanza haukuwa kitu. Ugomvi wote wa Afrika ya Kaskazini, mitaguso, sheria za kaisari, faini, vipigo, ulikuwa juu ya hili shimo la maji. Na usidhani Wadonati walijitungia tu. Mwaka 256 Sipriani, askofu wa Carthage, aliita maaskofu 87 kupiga kura kuhusu ubatizo wa wazushi, wakasema haufai, mtu abatizwe, na mmoja wa waliosimama kusema hivyo alikuwa Novatus, askofu wa Timgad hii hii. Kwaiyo Mdonati wa hapa akiambiwa umeleta mambo mapya alikuwa na jibu mkononi, mapya yapi bana, babu yetu alishapiga kura.

Kwenye nyumba iliyoshikana na kanisa kulikutwa mozaiki yenye maandishi kwamba kazi ilifanyika kwa amri ya kuhani wa Mungu, Optatus. Hilo jina ndo lililowapa watafiti sababu ya kusema hili ni la Wadonati, manake Optatus alikuwa askofu wao Timgad kati ya 388 na 398 na sio mtu mdogo. Rafiki yake alikuwa Gildo, mtoto wa mfalme wa Waberber aliyepewa na Roma amri ya majeshi yote ya Afrika. Mwaka 397 Gildo akaasi, akazuia ngano isiende Roma, na mji wa Roma bila ngano ya Afrika ni njaa. Kaisari Honorius akamtuma nani? Mascezel, ndugu wa damu wa Gildo. 398 Gildo akashindwa, Optatus akakamatwa, akafia gerezani. Wadonati wengine wakamheshimu kama shahidi. Augustino, askofu Mkatoliki wa Hippo, yeye aliandika kwamba Afrika nzima iliugua kwa miaka kumi chini ya huyo mtu.

Hapa niseme kitu. Waongoza watalii na vitabu vingi vinamweka Optatus kama jambazi mwenye kofia ya uaskofu, na inawezekana alikuwa mkali kweli, ila karibu kila tunachojua juu yake kimeandikwa na wapinzani wake. Ukisimama kwenye kanisa lake kumbuka hilo, jengo hili ni moja ya sehemu chache sana ambapo upande wa pili unaongea wenyewe.

Baada yake akaja Gaudentius. Mwaka 411 serikali iliita mkutano Carthage, maaskofu wa pande zote mbili, zaidi ya 500 kwa jumla, mbele ya afisa wa kaisari aliyeitwa Marcellinus, na Gaudentius wa Timgad alikuwa mmoja wa wasemaji saba wa Wadonati. Wakashindwa, mwaka uliofuata sheria ikatoka ya kuwatoza faini na kuchukua makanisa yao. Karibu mwaka 420 afisa Dulcitius akatumwa kutekeleza na Gaudentius akajifungia kanisani na waumini wake akasema mkiingia tunajichoma moto wote humu ndani. Dulcitius hakujua afanye nini akamwandikia Augustino, na Augustino akaandika vitabu viwili vya kumjibu Gaudentius. Soma hivyo vitabu kabla ya safari kama unaweza, tafsiri ziko bure mtandaoni, alafu uje usimame humu ndani, utaona mambo tofauti.

Kidogo kuhusu kutambua makanisa mengine, manake Timgad ina makanisa kadhaa na sio yote yana kibao. Usidanganyike na nusu duara peke yake, bafu za Warumi nazo zina nusu duara na hapa bafu ni nyingi, kumi na nne. Bafu utaijua kwa sakafu iliyoinuliwa juu ya viguzo vya matofali ili moto upite chini. Kanisa utalijua kwa ukumbi mrefu, safu mbili za nguzo ambazo mara nyingi hazilingani kwa sababu zimetolewa kwenye majengo ya zamani, na mbele jukwaa lililoinuka kidogo. Angalia pia sakafuni matundu ya kushikilia uzio uliotenga altare. Kwenye mawe tafuta ile alama ya herufi mbili za mwanzo za jina la Kristo kwa Kigiriki, moja juu ya nyingine, mara nyingine na alfa na omega pembeni, ila hiyo haikwambii upande manake Wakatoliki na Wadonati wote waliitumia. Ukikuta maneno Deo laudes (sifa kwa Mungu) yamechongwa kwenye jiwe popote Numidia, hapo changamka, hiyo ndo ilikuwa kauli ya Wadonati, na Augustino anasema watu waliiogopa kuliko mngurumo wa simba. Wakatoliki wao walisema Deo gratias (shukrani kwa Mungu).

Ukimaliza shuka kusini kama una nguvu, mita mia chache tu kutoka mjini, uione ngome ya Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki. Wakati Wavandali, kabila lililovamia kutoka Ulaya, wanatawala Carthage, huku juu mkono wao ulilegea, na mwishoni mwa karne ya 5 Waberber wa Aurès wakashuka wakaubomoa mji na kuwafukuza wakazi. Procopius, mwandishi aliyekuwa na majeshi ya Byzantium, anasema walifanya hivyo ili adui asipate pa kupiga kambi karibu na milima yao. Mwaka 539 jenerali Solomon akaja, akakuta magofu, akajenga ngome ya mita 112 kwa 67 juu ya eneo ambalo zamani lilikuwa chemchemi takatifu ya wapagani, na mawe akayatoa mjini. Tembea kando ya ukuta taratibu uangalie jiwe moja moja, ni mawe yenye historia yao kabla ya kuwa ukuta. Ndani kuna kambi za askari na kanisa dogo. Na Ukristo wa hapa haukuishia kwa Solomon, kuna maandishi ya miaka ya 640 yanayosema Yohane, kamanda wa Tigisi, alitoa nyumba ya Mungu wakati wa patrisio (cheo cha juu cha Wabizanti) Gregory, na huyo Gregory aliuawa mwaka 647 alipopigana na Waarabu kule Sufetula, Tunisia ya leo. Baada ya hapo mchanga na udongo vikafunika, mpaka Wafaransa walipoanza kuchimba mwaka 1881.

Utasikia Timgad inaitwa Pompeii ya Afrika. Mimi silipendi hilo jina. Pompeii ilikufa kwa siku mbili, hapa mji ulibadilika, ukabomolewa, ukajengwa, ukabishaniwa kwa miaka zaidi ya mia tano, na kila kizazi kilichukua mawe ya kilichotangulia.

Sasa rudi kwenye makumbusho, upumzike kivulini uangalie mozaiki. Panga na dereva saa ya kurudi kabla hujaingia, jioni usafiri wa kuchangia unakuwa wa shida. Kama una siku za ziada, Annaba kuna magofu ya Hippo alikokuwa askofu Augustino, na Souk Ahras ndo Thagaste alikozaliwa mwaka 354. Ila kama ni mahali pamoja tu pa kuongeza basi chagua Djémila, Cuicul ya zamani, karibu na Sétif. Kule kuna mtaa mzima wa Wakristo juu ya mji wa zamani, mozaiki yenye jina la askofu Cresconius, na jengo la ubatizo la duara lililoezekwa tena, na kwa kuwa hao walikuwa upande wa Wakatoliki utapata kulinganisha kisima chao na cha Optatus.